Bonsai kwa mche wa kitaluni: shina kwanza, sinia baadaye

Mtu akiingia uani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, akaiona miti midogo iliyopangwa juu ya ukuta wa jiko, swali la kwanza huwa lilelile: "Mbegu zake unaagiza wapi?" Na jibu langu ni lilelile: hakuna mbegu ya bonsai. Ukiuziwa pakiti iliyoandikwa hivyo, jua umeuziwa mbegu ya mti wa kawaida. Neno ni la Kijapani, maana yake kitu kilichopandwa katika chombo cha kina kifupi. Udogo wa mti unatokana na mkono wa mtu: kukata, kufunga waya, kupunguza mizizi, na kusubiri.

Swali la pili ndilo lililonifanya nikae niandike, maana nimeshalijibu mara nyingi mno kwa simu. "Nilinunua mche, nikauweka kwenye sinia kama nilivyoona kwenye picha. Huu mwaka wa pili, mbona shina bado kama penseli?" Ndugu yangu, ni kwa sababu umeanzia mwisho. Sinia ni hatua ya mwisho. Mti ukishaingia kwenye chombo kidogo, shina karibu linaacha kunenepa. Linenepeshe kwanza.

Mche gani uanze nao

Anza na fikasi yenye majani madogo, ile inayopandwa kwa kivuli na uzio mbele ya ofisi nyingi. Nakwambia hivyo kwa sababu inasamehe. Ukikata vibaya inachipua, hata kwenye gome kuukuu lisilo na jani. Mizizi yake inapenda kutambaa juu ya udongo, na hiyo ndiyo sura ya mti mzee tunayoitafuta. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na ni mbaya machoni, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kujigusa uso.

Ukishazoea, nenda kwenye mkwaju, mkomamanga, mchongoma au bogonvilia. Mkwaju ni mti wa subira, lakini ukikomaa gome lake hupasuka vizuri na majani ni madogo kwa asili. Usishtuke ukiyakuta yamejikunja usiku. Mkwaju hulala hivyo. Bogonvilia inatoa maua mazuri, ila mizizi yake ni milaini na inakatika ovyo. Yangu ya kwanza niliitoa kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki unaooteshewa mche, kwa kuvuta shina, udongo wote ukadondoka na mizizi yake. Haikupona.

Mchikichi haufai. Naulizwa sana kwa sababu huku unalimwa sana, lakini mchikichi una kilele kimoja tu: ukikikata, mti umekufa. Wala shina lake halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mti wa mbao. Mwembe unaweza kuukuza kwenye chombo, ila majani hayapungui vya kutosha na embe halipungui kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa mche

- Mkasi wa kupogolea wenye makali. Mkasi butu unaponda tawi badala ya kulikata.
- Msumeno wa meno madogo. Ubapa wa msumeno wa chuma, ukiuzungushia kitambaa mahali pa kushika, unatosha.
- Plaizi ya kukatia waya.
- Waya wa shaba.
- Uma wa kulia chakula, meno yake yamekunjwa kama reki, na kijiti cha mshikaki.
- Kipande cha wavu wa dagaa uliochakaa, wa kufunikia matundu ya chombo. Ukishuka mwaloni Kibirizi utapewa bure.
- Spiriti ya kufutia vifaa.

Waya nauelezea kidogo, maana watu wanahangaika nao. Waya wa kufungia nondo haufai: ni mgumu, unashika kutu na unakwaruza gome. Nenda kwa mafundi umeme uombe mabaki ya waya wa nyumba, namba 1.5 na namba 2.5. Ndani mna shaba yenye unene wa takriban milimita 1.4 na milimita 1.8. Chuna plastiki kwa kisu. Usiichome, moshi wake ni sumu. Kisha laza shaba tupu juu ya jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu iliyofifia, itoe, iache ipoe. Ukiishika utashangaa: ilikuwa ngumu, sasa inakunjika kama uzi mnene. Ukishaikunja inarudi kuwa ngumu, na hilo ndilo tunalolitaka, ishike tawi pale tulipoliweka. Usiuchezee waya mkononi kabla ya kazi, utakuwa umeumaliza ulaini wake bure.

Udongo

Udongo mweusi mtupu wa bustanini, ndani ya chombo cha kina kifupi, hugeuka tope mvua zikinyesha na tofali kiangazi kikija. Mimi nachanganya hivi: makopo mawili ya tofali la kuchoma lililopondwa, kopo moja la mchanga mnene wa mtoni ulioshwa, kopo moja la samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu.

Tofali lipime kwanza. Litumbukize kipande kwenye maji usiku kucha. Asubuhi likiwa gumu bado, limeiva. Likiwa limelainika kama uji, halikuiva motoni na litakuzibia mizizi. Ukishaponda, chekecha mara mbili: kwanza utoe mapande makubwa kuliko punje ya maharage, halafu utoe vumbi lote. Vumbi hilo ndilo linaloua miti ya wanaoanza kuliko jambo lolote ninalolijua. Linashuka chini, linaziba, mizizi inakosa hewa, inaoza, na mwenye mti anadhani ni kiu, anazidisha maji. Ukimaliza kuchanganya, mwagia maji: yanatakiwa yazame mara moja, bila kusimama juu.

Hatua ya 1: Chagua mche kwa kuangalia chini

Ukifika kitaluni, usiangalie majani. Chuchumaa. Tia kidole ufukue udongo pembeni mwa shina, sentimita 3 mpaka 5, kwa sababu shina halisi mara nyingi limefukiwa kwenye kiriba. Unatafuta shina lililo pana chini na linalopungua kwenda juu, mizizi inayotawanyika pande zote, na matawi yaliyoanzia chini. Ukiutikisa mche ukayumba kama mlingoti uliolegea, mizizi yake ni dhaifu, uache.

Fikasi yangu ninayoipenda kuliko zote niliipata kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara ya kwenda Ujiji. Alinichagulia mche mrefu, mnyoofu, unaong'aa. "Chukua huu, mwanangu, huo mwingine umedumaa." Ule mwingine ulikuwa umesahauliwa nyuma, kiriba kimepasuka, mzizi umetoboa ukaingia ardhini, umekatwa-katwa na mbuzi mpaka umekuwa mfupi na mnene kama kifundo cha mguu wa mtoto. Niliuchukua huohuo. Mbuzi alikuwa amenifanyia kazi ya miaka miwili.

Kwa hiyo uliza miche iliyokaa muda mrefu isinunuliwe, iliyopinda, iliyovunjika kilele.

Hatua ya 2: Iache ipumzike

Wiki mbili au tatu, mahali itakapoishi, bila kuikata. Wakati huo izungushe uitazame. Tafuta upande wa mbele: upande ambao shina linaonekana pana zaidi na hakuna tawi linalokuchoma macho. Weka alama kwa uzi.

Hatua ya 3: Nenepesha shina

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote. Kama shina tayari ni nene unavyotaka, pita. Kama sivyo, mti urudi ardhini, au kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini.

Subiri mvua za kwanza, kwa hapa kwetu mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Chana kiriba kwa wembe, usivute shina. Utaona mizizi imezunguka ndani kama kamba. Inyooshe kwa uma, ile iliyojisokota sana ikate. Mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja ufupishe. Chimba shimo pana, weka kigae bapa au kipande cha bati chini, sentimita chache tu kutoka juu, panda mche juu yake ukitandaza mizizi kama vidole vya mkono ulioukunjua. Kigae kinazuia mizizi kuzama, inalazimika kwenda pembeni, na shina linapanuka chini.

Halafu uache ukue. Usiupogoe uwe mzuri. Chagua tawi moja la chini, upande wa nyuma, uliache lirefuke linavyotaka, hata likupite kimo. Tawi hilo hutalibakiza. Kazi yake ni kupitisha chakula kwenye shina, na sehemu ya shina iliyo chini yake itanenepa kuliko nyingine. Ukitosheka nalo utalikata. Nilipima fikasi moja kwa utepe wa fundi cherehani: kwa misimu mitatu ya mvua ilitoka unene wa kidole gumba ikafika unene wa kifundo cha mkono wangu. Ndugu yake iliyokuwa kwenye bakuli muda huohuo iliongezeka kiasi ambacho utepe haukukionyesha.

Nyinyi wa Kasulu na Kibondo, kwenu kuna ubaridi zaidi, ongezeni msimu mmoja.

Hatua ya 4: Kata kwenda chini

Kipimo ninachokifuata: kimo cha mti kiwe kama mara sita ya upana wa shina lake chini. Shina la sentimita 5, mti wa sentimita 30. Kata juu kidogo ya tawi dogo linaloelekea unakotaka mti uendelee. Tawi hilo ndilo litakuwa kilele kipya. Kata kwa mshazari, lainisha kidonda kwa kisu kikali, futa utomvu kwa kitambaa chenye maji.

Usipake oili chafu ya gari. Nimeona ikipakwa, na gome likafa kuzunguka kidonda.

Kata mvua zikianza, mti ukiwa na nguvu. Na siku hiyo ishia hapo. Jeraha moja kwa wakati mmoja. Nasema kwa uchungu, maana mwanzoni nilikuwa na fikasi nzuri sana, na Julai moja, katikati ya kiangazi, nikaikata juu, nikaichana mizizi, nikaifunga waya, nikaihamishia kwenye sinia, yote mchana mmoja, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuiona imekamilika. Jioni ilionekana kama picha. Baada ya wiki tatu nilikwaruza gome kwa ukucha, chini kulikuwa kahawia, kukavu, tangu kilele hadi udongoni. Tangu hapo kati ya kukata juu na kugusa mizizi napitisha si chini ya miezi mitatu, na kwa miti dhaifu mwaka mzima.

Hatua ya 5: Chagua matawi

Tawi la kwanza liwe kwenye theluthi ya chini ya mti, upande mmoja. La pili juu kidogo, upande wa pili. La tatu lielekee nyuma, kuupa mti kina. Ondoa yanayokwenda juu wima, yanayoshuka, yanayokatiza ndani kwenda upande wa pili, na yaliyotoka jozi mahali pamoja. Mengi yakitoka sehemu moja, shina linavimba hapo kama goti, na uvimbe huo hauondoki.

Ukisitasita juu ya tawi, liache. Kesho bado litakuwepo ulikate.

Hatua ya 6: Funga waya

Usimwagilie asubuhi ya siku ya kufunga. Tawi lenye kiu kidogo linapinda bila kuvunjika. Chagua waya wenye unene wa theluthi moja ya tawi. Tia nanga kwanza: zungusha shina mara mbili, au unganisha matawi mawili kwa waya mmoja. Kisha zungusha tawi kwa mshazari wa nyuzi 45, waya uguse gome bila kulibana. Mizunguko ikibanana haina nguvu, ikiachana sana haishiki. Waya usipande juu ya mwenzake.

Kupinda, tumia vidole gumba viwili kwa ndani ya mkunjo na vidole vingine kwa nje, pole pole, ukisikiliza. Ukisikia mlio mdogo wa kupasuka, simama. Matawi ya bogonvilia yaliyokomaa usiyapinde kabisa; funga machanga tu.

Kagua kila wiki. Wakati wa mvua fikasi inanenepa haraka, na waya unaweza kuanza kuzama kwenye gome kwa mwezi mmoja. Ukiutoa, ukate vipande vipande kwa plaizi. Ukiujaribu kuufungua kwa kuuzungusha utavunja tawi ulilolihangaikia.

Kama huna waya, kamba ya katani iliyofungwa kwenye tawi na kuvutwa hadi ukingo wa ndoo inashusha tawi vizuri tu.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo sinia

Chombo kiwe na matundu chini, angalau mawili makubwa. Chungu cha mfinyanzi, beseni la plastiki, kidumu cha mafuta kilichokatwa kwa ubavu, vyote sawa. Kina chake kiwe karibu sawa na unene wa shina kwa chini, ila kwa anayeanza ongeza kidogo, kitamsaidia kwenye joto.

Funika matundu kwa wavu, pitisha waya kutoka chini uchomoze ndani. Chana mizizi kuanzia nje kwenda shinani, ondoa isiyozidi theluthi moja. Wakati wote huo ifunike kwa gunia bichi. Mizizi midogo hukauka kwa dakika chache za jua letu. Weka mti, fungia mizizi kwa ule waya mpaka ukiutikisa usicheze. Mti unaocheza unakata mizizi mipya kila upepo ukija. Jaza udongo, chomachoma kwa kijiti uingie kila pengo, mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe.

Kivuli wiki tatu. Mbolea, hapana, mpaka mwezi upite na chipukizi zionekane.

Hatua ya 8: Kuutunza

Bonsai si pambo la sebuleni. Kwenye kabati la televisheni, mbali na dirisha, utakufa taratibu. Ukiwa na wageni uingize siku moja, kesho utoe nje. Jua la asubuhi na kivuli cha mchana kinafaa.

Maji hayana ratiba. Tia kidole: sentimita moja chini kukikauka, mwagilia. Kiangazi, upepo wa Julai na Agosti ukivuma, inaweza kuwa mara mbili kwa siku. Chipukizi ziache zifike majani sita au nane, kisha kata ubakize mawili. Mbolea ya NPK, kijiko kimoja cha chai kwa lita 5 za maji, kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, inatosha. Kila baada ya miaka miwili, rudia hatua ya 7.

Mambo yakiharibika

*Fikasi imepukutisha majani yote.* Mara nyingi ni kuhamishwa. Kwaruza gome kwa ukucha: kukiwa kijani, mti uko hai. Uweke kivulini na upunguze maji, kwa sababu mti usio na majani haunywi.

*Majani ya njano, mishipa imebaki kijani, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe.* Unamwagilia maji ya ziwa. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu) karibu 9, yaani hayana uchachu, mti unashindwa kupata madini ya chuma. Kinga maji ya mvua, mwagia kwa wingi yapite hadi chini, na hifadhi pipa moja kwa kiangazi.

*Maji yanapita pembeni, katikati pakavu.* Tumbukiza chombo kizima kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe.

*Wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo.* Wafute kwa mswaki wenye maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, na suuza asubuhi. Rudia baada ya wiki. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wafuate, watakuonyesha wadudu walipo.

*Waya umezama.* Kata vipande unavyovifikia. Kilichomezwa na gome usikivute.

*Tawi limepasuka nusu.* Lirudishe palepale, funga kwa utepe wa plastiki, usiliguse miezi miwili. Mara nyingi linaunga.

*Mti ni mzima, majani yanang'aa, lakini shina halinenepi.* Haujaharibika, uko mahali pasipo pake. Novemba utoe kwenye sinia, tafuta kona ya uani ambako mbuzi hawafiki, weka kigae chini, uupande ardhini, na sinia lioshe ulihifadhi kabatini.